Kila Mwamba Ngoma

Mwezi uliopita nilikaa mbele ya watu watatu walioshika wasifu wangu wa kitaaluma, ukurasa mmoja na nusu. Mmoja wao alipitisha kalamu juu ya miaka, akafika katikati, akasimama. "Hapa kati ya shahada ya kwanza na uzamili kuna miaka miwili. Ulikuwa unafanya nini?" Nikajibu, "Nilikuwa nyumbani." Akaandika kitu kifupi, tukaendelea na mambo mengine. Nilitoka pale nikijua nimejibu ukweli na sijajibu swali.

Usiku ule nilirudi kwenye insha ambayo nimekuwa nikiisoma kwa ajili ya tasnifu yangu. Iliandikwa na Mark Kac (jina lake la ukoo hutamkwa Kats), ikatoka mwaka 1966 katika American Mathematical Monthly, na kichwa chake kwa Kiswahili ni hiki: Je, mtu anaweza kusikia umbo la ngoma? Ina kurasa 23. Mwaka 1968 ilimpa mwandishi wake tuzo ya Chauvenet, ambayo hutolewa kwa uandishi mzuri wa hisabati, na hiyo ilikuwa mara yake ya pili kuipata. Tunaosoma hisabati tunaitaja mara nyingi, lakini tunaitaja kama tatizo. Ni nadra kumsikia mtu akiizungumzia kama insha, yaani maandishi ya mtu fulani aliyekaa akachagua maneno fulani. Hilo ndilo ninalotaka kulifanya hapa.

Nianze na swali lenyewe. Chukua ngozi, iwambe kwenye fremu, ipige. Ngozi haitoi sauti moja; hutoa sauti nyingi kwa pamoja, kila moja na masafa yake, kuanzia ya chini kabisa kwenda juu bila kikomo. Orodha hiyo ya masafa ndiyo wanahisabati wanaiita spekta. Ukinipa umbo la ngoma, orodha yake ipo, hata kama kuikokotoa ni kazi ngumu. Kac anauliza kinyume chake. Mimi nipo chumba cha pili, nina sikio lisilokosea hata kidogo, ninaisikia orodha yote. Je, naweza kukuambia ngoma uliyoishika ni ya duara, ya mraba au ya umbo lisilo na jina? Mwenyewe anakiri kwamba swali alilipata kwa Bochner, na kwamba Lipman Bers ndiye aliyelivisha nguo ya ngoma na sikio. Napenda ukarimu huo. Mwandishi mwingine angenyamaza, na sisi tungempa sifa zote.

Kwa Kiswahili kichwa hiki kina bahati ambacho hakina katika lugha kilichoandikwa. Sisi tunasikia sauti, lakini pia tunasikia harufu, tunasikia njaa, tunasikia baridi na maumivu. Kitenzi chetu kimoja kinabeba sikio na mwili mzima. Kwa hiyo mtu akikuambia amesikia umbo la kitu, unaweza kushangaa kidogo, lakini humwoni kama amechanganyikiwa. Nitarudi kwenye kitenzi hiki, kwa sababu ndani ya insha kuna mahali ambapo kinafanya kazi ambayo Kac hakuipanga.

Insha inaendelea kwa hadithi. Mwaka 1910 mwanafizikia Hendrik Lorentz alialikwa Göttingen kutoa mihadhara, na katika mhadhara mmoja akaeleza jambo ambalo wanafizikia walihitaji liwe kweli: kwamba ukihesabu masafa yaliyo chini ya kiwango fulani, na kiwango hicho kikawa kikubwa sana, idadi yao inategemea eneo la ngoma tu, si umbo lake. Kac anasimulia kwamba, kama inavyosemekana, Hilbert alitabiri kuwa jambo hilo halitathibitishwa katika uhai wake. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo kijana Hermann Weyl. Haikupita hata miaka miwili, Weyl akalithibitisha, tena kwa kutumia zana za Hilbert mwenyewe. Kwa hiyo tunajua kitu cha kwanza kinachosikika: eneo. Baadaye kikaongezeka cha pili, mzingo wa ngoma. Na vitu viwili hivyo vinatosha kulitambua duara, kwa kuwa kati ya maumbo yote yenye mzingo mmoja ni duara pekee lenye eneo kubwa kuliko yote. Ngoma ya duara haiwezi kujificha.

Namna anavyofika huko ndiyo inayonifanya niiite insha na si makala ya kitaalamu tu. Kac haendi kwa mawimbi. Anaiacha ngoma na kuanza kuzungumza habari za joto, na kutoka kwenye joto anaingia kwenye chembe zinazotangatanga kama vumbi majini, mwendo ule unaoitwa wa Brown. Ziachilie chembe nyingi ndani ya umbo la ngoma. Ukingo unameza: chembe ikiugusa, imekwisha. Mwanzoni kabisa, kabla muda haujapita, chembe zilizo ndani hutangatanga kana kwamba ukingo haupo. Kac analipa jambo hili jina, kanuni ya kutohisi mpaka, na kwa namna yake anasema kwamba chembe hazina habari bado za maafa yanayozingoja zitakapoufikia.

Sasa kile kitenzi. Kwenye kichwa cha insha mtu anasikia umbo. Kwenye kanuni hii chembe haihisi mpaka. Katika lugha aliyoandikia Kac hayo ni maneno mawili yasiyohusiana. Nilipojaribu kuyaweka katika Kiswahili changu cha nyumbani, yakawa moja: mtu anasikia ngoma, na chembe haijausikia mpaka. Hesabu nzima ya insha imesimama juu ya pengo hilo. Tunaweza kulisikia eneo kwa sababu chembe, kwa muda mfupi, hazijausikia ukingo. Zikianza kuusikia ndipo mzingo unapojitokeza, kisha mengine.

Hapo inabidi nimseme mtu aliyeandika.

Mark Kac alizaliwa mwaka 1914 Krzemieniec, mji ambao leo uko Ukraine, katika familia ya Kiyahudi. Katika tawasifu yake, Enigmas of Chance, iliyotoka mwaka 1985 baada ya kufa kwake, anasimulia majira ya joto ya mwaka 1930. Alikuwa kijana wa shule aliyetarajiwa kuwa mhandisi, lakini akanasa kwenye mlinganyo wa daraja la tatu. Hakuridhika na njia ya Cardano aliyoikuta vitabuni. Alitaka njia yake. Baba yake akamwahidi zloty tano akiipata. Aliipata, na uhandisi ukaishia hapo. Akaenda chuo kikuu cha Lwów, akasoma chini ya Hugo Steinhaus, akapata udaktari mwaka 1937. Mwishoni mwa mwaka 1938 akaondoka kwa ufadhili kwenda Marekani, Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Vita ikaanza, akabaki huko. Mwaka 1939 akaingia Cornell na kukaa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1961 akahamia Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, na mwaka 1981 akaenda Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Alifariki Oktoba 1984.

Hayo ndiyo masafa. Wasifu wowote utakupa orodha hiyo, na kwa macho ya kamati yoyote haina pengo hata la mwezi mmoja. Nitaiongezea kidogo. Akiwa na Paul Erdős alionyesha kwamba hata idadi ya vigawanyo tasa vya namba hufuata sheria ya bahati nasibu, kengele ileile tunayoiona kwenye urefu wa watu na makosa ya vipimo. Akiwa Cornell alihudhuria mhadhara wa Richard Feynman, akagundua kuwa kijana yule wa fizikia na yeye wanachimba shimo moja kutoka pande mbili: Feynman alijumlisha njia zote ambazo chembe ya kwanta ingeweza kupita, Kac alijumlisha njia za chembe inayotangatanga kwa bahati. Upande wa Kac ndio ulioweza kuthibitishwa kikamilifu, na fomula hiyo leo inabeba majina yao mawili. Ni zana ya kila siku kwa wanafizikia, na siku hizi hata kwa watu wanaokokotoa bei katika masoko ya fedha. Insha ya ngoma ni mtoto wa fomula hiyohiyo, na aliitoa kwa heshima ya mwanafizikia George Uhlenbeck alipotimiza miaka 65. Kama unataka kujua fizikia ya kihisabati ni kazi ya namna gani, huyu ndiye mtu: anachukua jambo ambalo mwanafizikia analihitaji liwe kweli na kuuliza ni kweli kwa sababu gani.

Jambo ambalo orodha haisemi ni hili. Agosti 1942 wazazi wake na ndugu yake, waliokuwa wamebaki Krzemieniec, waliuawa na Wajerumani katika mauaji ya halaiki. Baba wa zloty tano ni mmoja wao. Mwaka huohuo, kwa upande wa orodha, yeye ni mwalimu Cornell.

Nilipoijua habari hii nilirudi kwenye ule ukurasa wa chembe ambazo hazina habari ya maafa, na sikuweza kuusoma tena kama nilivyousoma mwanzo. Mtu anaondoka nyumbani kwa ufadhili akidhani anakwenda na kurudi. Nyuma yake watu wanaendelea na siku zao katikati ya mji, na mpaka haujawagusa. Nilifunga kompyuta.

Kesho yake nilikuwa tayari kuandika makala nyingine kabisa. Ingesema kwamba insha hii inayojifanya kuhusu ngoma kwa kweli inahusu Krzemieniec. Ingekuwa makala ya kusisimua, na ningeipenda. Tatizo ni kwamba insha yenyewe imenikataza.

Mwaka 1992, miaka minane baada ya Kac kufa, Carolyn Gordon, David Webb na Scott Wolpert walilijibu swali lake. Jibu ni hapana. Walitoa ngoma mbili bapa zenye maumbo tofauti na orodha ya masafa iliyo sawa kabisa, toka ya kwanza hadi isiyo na mwisho. Mfano unaojulikana zaidi una maumbo mawili ya pembe nane, kila moja limeundwa kwa pembetatu saba zinazofanana, ila zimeunganishwa kwa mpangilio tofauti. Unaweza kuyakata kwenye karatasi jioni moja. Mimi nimeyakata, yamebandikwa ukutani juu ya kitanda. Uthibitisho wake kwa hayo maumbo unashangaza kwa urahisi: unachukua wimbi la ngoma ya kwanza, unalikata vipande kwa pembetatu zake, unavipanga upya na kuvijumlisha kwenye ngoma ya pili, na vinashonana bila mshono kuonekana. Mawimbi yote ya moja yana makazi katika nyingine. Mwaka 1994 wanafizikia walipima jambo hilo kwa mawimbi mafupi ya redio ndani ya visanduku vya chuma vyenye maumbo hayo, na masafa yakalingana.

Maana yake kwangu kama msomaji ni chungu kidogo. Sentensi ile ya maafa ingeweza kuandikwa na mtu ambaye familia yake yote ilikuwa salama na yeye anapenda tu kuchekesha chembe. Wanahisabati wa nadharia ya uwezekano husema hivyo kila siku. Chembe zetu hufa, huuawa, humezwa, na tunakwenda kunywa chai. Maisha mawili tofauti yanaweza kutoa sauti moja. Waswahili walishasema kwamba kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na methali hii tumezoea kuitupia waandishi wa tawasifu. Inamfaa pia mhakiki. Mimi nilikuwa nimeishika ngozi ya Kac na kuivuta upande wangu, kwa sababu nilitoka kwenye chumba ambako mtu aliniuliza habari za miaka miwili na nikasema nilikuwa nyumbani.

Kabla sijamaliza, nina lawama moja juu ya insha, na nailaumu kama mtu anayeipenda. Mwanzoni kabisa Kac anaandika mlinganyo wa ngozi inayotetemeka. Ndani yake kuna namba inayotegemea aina ya ngozi na jinsi ilivyovutwa. Anasema atachagua vipimo ili namba hiyo iwe nusu, basi, na haisemi tena. Kwa sentensi moja ngozi na mvuto vimeondoka. Yeyote aliyewahi kumwona mpiga ngoma akiiota ngoma yake kwenye moto kabla ya kuanza anajua kilichoondoka. Umbo halikubadilika kwa moto; sauti ilibadilika. Ngoma ya Kac ni ngoma ambayo mtu ameshamaliza kuiwamba, hatujui nani, na hatuambiwi aliivutia wapi. Najua kwa nini amefanya hivyo, na hata mimi ningefanya: huwezi kuuliza swali la umbo mpaka umelishikilia kila kitu kingine kisisogee. Lawama yangu ni kwamba msomaji asiye mwanahisabati anapita juu ya sentensi ile bila kujua kwamba hapo ndipo dunia ilipofungiwa nje. Mwandishi mwenye mkono mwepesi namna hii angeweza kumwambia. Na katikati, insha inapoingia kwenye kadirio baada ya kadirio, inawasahau wageni ilioualika kwa kichwa chake kizuri.

Lakini karibu na mwisho kuna zawadi. Baada ya eneo na mzingo, Kac anatafuta kitu cha tatu. Anaanza na maumbo ya pembe nyingi, anaongeza pembe mpaka ukingo uwe laini, kisha anauliza: je, ngoma ikiwa na matundu? Anaonyesha kwamba matundu yanajitokeza kwenye hesabu, kila moja likipunguza moja ya sita. Hajidai amelithibitisha, anasema wazi njia aliyopita, na uthibitisho kamili ulitoka kwa McKean na Singer mwaka uliofuata. Ngoma yenye ukingo laini, ukiisikiliza vizuri, itakuambia ina matundu mangapi. Haitakuambia yako wapi, wala yana umbo gani, wala kulikuwa na nini pale kabla.

Hicho ndicho kipimo ninachoweza kukitetea. Sina haki ya kusema ukurasa wa chembe ni ukurasa wa maombolezo. Nina haki ya kusema kwamba maisha haya yana tundu, kwamba ukubwa wa kazi iliyolizunguka haulizibi, na kwamba mtu aliyelibeba ndiye aliyetufundisha kwamba matundu yanasikika. Zaidi ya hapo ni kuvuta ngozi.

Kuhusu miaka yangu miwili: baba alikuwa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na kati yetu sisi watoto ni mimi niliyekuwa huru kumpeleka. Tulikuwa tukitoka alfajiri. Alikuwa ameishia darasa la saba, lakini nilipokuwa shule ya msingi alikuwa akikagua hesabu zangu kwa kalamu nyekundu aliyoinunua mwenyewe. Kwenye benchi la hospitali aliniuliza mara nyingi nitarudi lini chuo, na mimi nikamjibu kwamba bado kidogo. Alifariki miezi minne kabla sijarudi.

Sijui kama ningeyasema hayo mbele ya wale watatu, na sidhani wasifu ni mahali pake. Nimeufungua tena wiki hii kwa ajili ya ombi jingine. Miaka ile miwili nimeiacha kama ilivyo, bila kuijaza kozi fupi za mtandaoni kama rafiki mmoja alivyonishauri. Akiulizwa mtu ameona nini pale, aseme ameona tundu moja. Na akiniuliza mimi tena, safari hii nitamwambia nilikuwa nampeleka baba hospitali.